Mapambo ya mti wa krismasi kwa unga na chumvi, kuanzia kukanda mpaka kutundika

Wengi wakiona haya mapambo wanadhani kazi ni kukata nyota na kupaka rangi, kumbe hapo ndo pepesi kabisa, kazi yenyewe iko kwenye kukausha na kwenye vanishi. Pambo likibaki na unyevu ndani hata ulipake rangi nzuri vipi, mwakani unafungua boksi unakuta limelainika, rangi imebabuka, pengine na ukungu juu. Kwa hiyo hizo hatua mbili nitazirefusha, zingine tutapita haraka.

Vitu: unga mweupe wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji ya vuguvugu kama kikombe 1 hivi. Kikombe chochote sawa ila kiwe hicho hicho mpaka mwisho. Unga uwe wa kawaida, sio ule uliokwisha tiwa beking pauda kiwandani maana huo utaumuka na nyota yako itavimba. Chumvi ya mawe pia iache au uisage kwanza, chembe zake zinabaki kwenye donge na uso unakuwa na vipele.

Hatua ya 1, kukanda. Changanya unga na chumvi vikiwa vikavu, alafu maji tia kidogo kidogo, usimwage yote kwa mpigo kwa sababu unga haufanani, mwingine unakunywa maji mengi mwingine kidogo. Kanda dakika 5 mpaka 10 mpaka donge liwe laini na lisishike mkononi. Likipasuka pasuka ukilikunja ongeza matone ya maji, likinata ongeza unga. Na likiwa tayari tumia siku hiyo hiyo, likilala chumvi inavuta maji na kesho linanata vibaya sana.

Hatua ya 2, kusukuma na kukata. Sukuma juu ya karatasi ya kuokea, unene uwe kama milimita 5. Jembamba zaidi ya hapo linajikunja likikauka, nene zaidi linachelewa kukauka na linalemea tawi. Kata kwa vikatio vya biskuti, kama huna basi mdomo wa glasi unatosha au chora umbo kwenye karatasi ngumu ufuatishe na kisu. Usinyanyue maumbo, ondoa mabaki ya pembeni tu alafu hamisha karatasi nzima kwenye trei, ukinyanyua nyota kwa vidole inavutika na haitarudi ilivyokuwa. Kingo zisawazishe kwa kidole chenye maji kidogo.

Hatua ya 3, tundu. Toboa sasa hivi, sio baadae! Tumia mrija wa kunywea, acha kama sentimita 1 kutoka ukingoni. Likishakauka ukijaribu kutoboa linapasuka.

Hatua ya 4, kukausha, hapa ndo penyewe. Oveni iwe nyuzi joto 100, isizidi 120, na pambo la milimita 5 linaweza kuchukua saa 2 au 3. Najua mtu anatamani kupandisha moto amalize mapema, lakini ukifanya hivyo uso unakauka kwanza, maji ya ndani yanageuka mvuke yanatafuta pa kutokea, ndo unapata mapovu na nyufa. Ukiona povu linaanza toboa na sindano ulibonyeze taratibu. Katikati ya muda geuza upande wa pili. Huna oveni? Panga juu ya waya au wavu hewa ipite chini, sehemu kavu, ugeuze kila siku, itachukua siku kadhaa na kama hewa ina unyevu ni zaidi, ila yanatoka vizuri tu na weupe unabaki kuliko ya oveni.

Utajuaje limekauka? Usiangalie juu, angalia chini. Katikati pakiwa na rangi iliyokolea kuliko pembeni bado kuna maji. Ligonge kwa kucha, kavu linalia kama kigae, bichi linatoa sauti nzito. Ukiwa na wasiwasi rudisha tena. Likipoa, piga msasa laini kingo na ufute vumbi.

Hatua ya 5, rangi. Akriliki, ile rangi ambayo ikishakauka haiyeyuki tena kwa maji, ndo nzuri. Rangi za maji za shuleni zinaloanisha uso na chumvi inaanza kuyeyuka, kwa hiyo kama ndo ulizonazo brashi iwe karibu kavu. Pumzisha usiku mzima.

Hatua ya 6, vanishi. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, haiachi, hata pambo liwe limekauka namna gani. Paka mikono 2 au 3, yaani tabaka juu ya tabaka, mbele, nyuma, kingoni na ndani ya tundu, wengi wanapaka mbele tu alafu wanashangaa. Kila mkono ukauke kabisa kabla ya unaofuata. Gundi nyeupe iliyochanganywa na maji watu wanaitumia, inang'arisha kweli, ila unyevu ukiwa mwingi inalainika tena, bora vanishi yenyewe na uipake penye hewa.

Pitisha ribini au uzi imara, mazito yatundike karibu na shina ambako matawi yana nguvu. Na kama kuna mbwa ndani yaweke juu asikofika, chumvi iliyomo ni nyingi mno na akila inaweza kumuua, sio utani. Watoto wadogo nao waambiwe sio biskuti.

Msimu ukiisha funga kila moja kwenye karatasi laini, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri, mahali pakavu. Likivunjika ncha, gundi nyeupe inaunga vizuri, gusia rangi alafu rudia vanishi hapo palipounganishwa.