Kalori za Prosecco: namna ya kuzihesabu na kuzilinganisha na vinywaji vingine

Prosecco, mvinyo wa mapovu wa Italia, inasifiwa kuwa kinywaji chepesi, na sifa hiyo ni kweli nusu tu. Glasi ya mililita 125 ina kalori 80 hadi 90, pungufu ya chupa ndogo ya bia. Lakini ukilinganisha mililita 100 kwa mililita 100, prosecco hukaribia 70 ilhali bia ya kawaida ya asilimia 5 iko kwenye 43 hivi. Wepesi wake, basi, umo kwenye udogo wa glasi. Ndiyo maana hesabu huanzia kwenye kiasi ulichomimina, lebo ikafuata.

Weka glasi tupu kwenye mizani ya jikoni na uirudishe mizani kwenye sifuri. Mimina kama ulivyozoea, subiri povu litulie, kisha ongeza mpaka pale unapoishia siku zote. Chukulia gramu moja kuwa mililita moja. Tofauti iliyopo haina athari hapa. Usishangae ukikuta 150 au 160. Glasi nyembamba ndefu hujaa upesi, lakini kwenye glasi pana yenye umbo la tulipu, ambayo kwa kweli ndiyo inayotoa harufu ya mvinyo vizuri zaidi, mililita 125 huonekana kama umepunjwa, na mkono hurudi kwenye chupa wenyewe. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za 125. Kama yako imeisha kwenye glasi ya tano, kila moja ilikuwa na 150.

Sasa shika chupa. Unatafuta namba ya alkoholi na neno la utamu.

Alkoholi ya prosecco kwa kawaida ni asilimia 11 au juu yake kidogo. Utamu huandikwa kwa maneno ambayo kisheria yana mipaka ya sukari kwa lita: Brut Nature ni chini ya gramu 3, Extra Brut haizidi 6, Brut ni chini ya 12, Extra Dry ni 12 hadi 17, Dry ni 17 hadi 32, na Demi-Sec ni 32 hadi 50. Hapa ndipo wengi hukosea. Anayetaka sukari kidogo huchukua Extra Dry kwa kuwa jina linasikika kavu (yaani lisilo na utamu) kupita yote, kumbe ina sukari kuliko Brut. Usiutegemee ulimi pia: ubaridi, uchachu na mapovu huficha utamu, hata Extra Dry ikanyweka kama haina kitu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Zidisha mililita ulizomimina kwa asilimia ya alkoholi, kisha kwa 0.055. Namba hiyo ya mwisho inatokana na uzito wa alkoholi, gramu 0.789 kwa mililita, na kalori 7 zilizomo katika kila gramu yake. Halafu chukua gramu za sukari kwa lita, zidisha kwa mililita zako, gawanya kwa 1000, kisha zidisha kwa 4. Jumlisha majibu mawili na uongeze 3 kwa ajili ya asidi na gliserini. Gesi ya mapovu haina kalori.

Mfano: Brut ya asilimia 11 yenye gramu 10 za sukari kwa lita, glasi ya 125. Alkoholi inatoa 76, sukari 5, nyongeza 3, jumla 84. Badilisha iwe Extra Dry yenye gramu 16 na jumla inapanda hadi 87 tu. Demi-Sec yenye gramu 40 inafika 99. Kuhangaika kuchagua kati ya Brut na Extra Dry, basi, kunaokoa kalori 3, wakati mililita 30 za ziada zinakuongezea 20. Asilimia moja zaidi ya alkoholi nayo ni kalori 7 kwa glasi, sawa na gramu 14 za sukari kwa lita. Kama una dakika moja tu mbele ya rafu, soma alkoholi kwanza.

Mvinyo uliozalishwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 na kuuzwa katika Umoja wa Ulaya hukurahisishia kazi: lebo lazima ionyeshe nishati, mara nyingi kwa herufi E, kwa kila mililita 100. Soma namba sahihi kati ya mbili zilizopo, yaani ile ya kcal (kalori), si ya kJ (kilojuli). Kilojuli 280 ni kalori 67. Ukichukua ile kubwa utadhani umekunywa mlo mzima.

Siyo mvinyo wote wa mapovu wa Italia unaofuata mkondo huu. Franciacorta ya Lombardia, inayochachushwa mara ya pili ndani ya chupa, huwa na alkoholi ya 12 au 12.5, hivyo glasi hukaribia 90 hata ikiwa kavu. Moscato d'Asti ya Piemonte ndiyo mtego hasa. Alkoholi yake ni 5 hivi, watu huiona ya kitoto, lakini sukari inaweza kuzidi gramu 100 kwa lita. Kwa alkoholi ya 5.5 na sukari gramu 120, glasi ya 125 inatoka na kalori 101.

Kwa vinywaji vingine, linganisha kwa kipimo kinachonywewa kweli. Bia ya asilimia 5, mililita 330: karibu 140. Mvinyo mwekundu wa asilimia 13.5, mililita 175: karibu 135. Jini ya asilimia 40, mililita 25: 55, na ukiongeza mililita 150 za toniki yenye gramu 8 za sukari kwa mililita 100, inafika 103. Kopo la kola ya sukari la 330 nalo liko karibu na 140, bila tone la kilevi.

Kwenye michanganyiko kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Juisi ya machungwa ina kalori 45 hivi kwa mililita 100, pungufu ya prosecco yenyewe, kwa hiyo nusu kwa nusu katika glasi ya 150 inatoa karibu 85, ilhali prosecco tupu ya kiasi hicho ni 100. Bellini, yaani sehemu mbili za prosecco kwa moja ya rojo ya pichi isiyoongezwa sukari, nayo iko chini ya 90. Spritz ya Aperol, kileo chenye uchungu cha Italia, ndiyo inayopanda: mililita 90 za prosecco, 60 za Aperol na 30 za soda hupita 150, kwa sababu Aperol ina alkoholi asilimia 11 pamoja na sukari nyingi. Barafu hufanya glasi ionekane imejaa maji, lakini kalori zote bado zimo. Ukitaka kuipunguza, punguza Aperol na uongeze soda; kupunguza prosecco pekee hakusaidii sana.

Mvinyo wa mapovu ulioondolewa alkoholi uhesabu kwa sukari peke yake. Watengenezaji wengi huiongeza ili kurudisha uzito mdomoni, na gramu 50 kwa lita ni kalori 25 kwa glasi ya 125.