Usiku 41 na Spider-Man: namna ya kurudia kitabu kikubwa cha katuni

Mpwa wangu aliporudi likizo kutoka Dubai aliniwekea juu ya meza ya kukatia nguo kitabu cha jalada gumu, kinene kama matofali mawili. Ndani yake mna Spider-Man yote ya Steve Ditko, mchoraji, na Stan Lee, mwandishi: hadithi ya kwanza kabisa iliyotoka katika jarida la Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, kisha matoleo 38 ya The Amazing Spider-Man, kuanzia Machi 1963 hadi Julai 1966, pamoja na matoleo mawili maalumu ya mwaka. Ukijumlisha ni 41, kurasa zaidi ya elfu moja.

Nyingi nilikwisha kuzisoma nikiwa kijana hapa Tanga, kwa kuazimana, nakala zisizo na jalada, mwisho kabla ya mwanzo. Nikakifakamia. Siku nne nimemaliza. Juma lililofuata mpwa akaniuliza: mjomba, yule mzee mwenye mabawa, Vulture, alishindwaje mara ya kwanza? Sikuwa na jibu. Niliona haya, nikaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Huo utaratibu ndio ninaokupa.

Kwanza kitabu chenyewe. Usikifungue katikati kwa nguvu siku ya kwanza. Kilaze mgongo chini, fungua kurasa chache za mwanzo uzikandamize polepole kwa kiganja, kisha chache za mwisho, tena za mwanzo, tena za mwisho, mpaka ufike kati. Tazama uti wake kwa juu: ukiona mafungu ya karatasi zilizokunjwa, kimeshonwa kwa uzi na kitalala wazi bila kukatika. Kama ni gundi tupu, kihurumie zaidi. Usikisome umelala chali. Nilimwomba seremala jirani anitengenezee kitu mfano wa marufaa, pana zaidi na chenye ukingo chini wa kuzuia kurasa. Marufaa ya Kurani nimeiacha kwenye kazi yake. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Karatasi hizi zinang'aa, na msimu wa masika zinashikana. Kiweke kimesimama kabatini, mbali na ukuta, na kila baada ya wiki mbili kipepee kurasa kama unavyokung'uta kitambaa kilichokaa sana.

Taa iwe ya mwanga wa njano. Hadithi hizi zilichapwa kwanza kwenye karatasi duni kama ya gazeti, iliyokuwa ikinywa rangi. Kwenye karatasi nyeupe ya leo nyekundu ya vazi inachoma macho. Chini ya taa ya njano inatulia.

Sasa mwendo: toleo moja kwa usiku, basi. Hili ndilo linalowashinda watu, na ndilo lenye faida kuliko yote. Hadithi hizi zilitengenezwa zisomwe kwa mwezi mmoja mmoja. Lee na Ditko walijua msomaji atakaa na fundo moyoni siku thelathini, wakafunga fundo la kukaa siku thelathini. Ukigeuza ukurasa palepale unalikata kwa mkasi. Mimi nasoma baada ya Isha, nikifika mwisho nafunga, hata kama Spider-Man ananing'inia. Kesho yake nikiwa kwenye cherehani namfikiria.

Nitakupa mfano mmoja. Katika toleo la 10, Machi 1964, May, mwanamke aliyemlea Peter Parker, yule kijana ambaye ndiye Spider-Man, anaumwa na anahitaji damu. Peter anajitolea yake. Ni fremu chache tu, kisha hadithi inaenda zake kwenye mapigano na majambazi. Unapita. Mwishoni mwa 1965, matoleo ya 31 na 32, May anaanguka tena, na daktari anagundua mionzi katika damu yake. Ni ile damu ya Peter, aliyepata nguvu zake kwa kuumwa na buibui mwenye mionzi. Alichompa kumwokoa ndicho kinachomuua. Mtoto wa wakati ule alikaa na fremu zile karibu miaka miwili. Mimi katika zile siku nne nilipita pale bila kushtuka, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimejaa makonde. Mara ya pili niliinuka kitini.

Neno dogo kuhusu huyu May. Wengi tunasema shangazi May na mjomba Ben, kwa kufuata Kiingereza. Lakini Ben ni Parker, jina la ukoo lilelile la Peter. Huku kwetu huyo ni ami, ndugu wa baba, na May ni mke wa ami aliyemlea mtoto asiye na wazazi. Nilipoanza kuwaita hivyo moyoni, hadithi ilibadilika uzito. Mtoto yule hakumpoteza mjomba wa kumtembelea sikukuu. Alimpoteza baba wa pili, na mwanamke aliyebaki naye chumba cha pili ni mama.

Kila toleo lisome mara mbili usiku uleule: kwanza picha peke yake, usiguse maneno, kisha rudi na maneno. Sababu ipo katika namna walivyofanya kazi. Ditko alikuwa akichora hadithi nzima kwanza, na Lee akiandika maneno juu ya picha zilizokwisha kamilika. Kufika 1965 Ditko alikuwa akitunga visa mwenyewe, na jina lake likaandikwa hivyo ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo picha ndiyo mwili na maneno ndiyo nguo. Ukianza na maneno, na Lee ni msemaji sana, macho hayafiki kwenye vidole. Tazama vidole! Ditko anachora mikono kuliko uso: mikono ya Peter inapojikunja nyuma ya mgongo akizungumza na Jameson, mwenye gazeti, mikono ya adui yake Doctor Octopus ya nyama isiyofanya kitu huku ile ya chuma ikifanya yote. Na watu wa nyuma usiwaruke. Kuna bwana mmoja mwenye nywele za mawimbi anakaa klabuni kwa Jameson tangu toleo la 23 bila jina. Katika la 37 anapewa jina: Norman Osborn, atakayekuja kujulikana kuwa adui mkubwa.

Halafu chagua uzi mmoja wa kuufuata tangu mwanzo hadi mwisho, na uuchague kwa kazi yako unayoijua. Muuguzi afuate maradhi ya May. Mhasibu afuate fedha. Atakutana mapema, toleo la kwanza, na kijana aliyelipwa hundi kwa jina la Spider-Man, na karani wa benki anayemwomba kitambulisho. Mimi ni fundi cherehani, nikafuata vazi.

Hapo ndipo nilipopata raha ambayo sikuitegemea. Vazi lile ni gumu kushona. Mistari ya utando inaanzia kati ya macho na kutawanyika kichwa kizima, kisha kuna vile vitando vya kwapani, ambavyo fundi yeyote angekuambia vitachanika siku ya kwanza. Toleo la 4, katika pambano na adui aitwaye Sandman, barakoa inachanika, na Spider-Man anaacha vita anakwenda nyumbani kuishona. Anashika sindano! Mtu mwenye nguvu za kuinua gari amejifungia chumbani anapiga bandi, akiogopa mtu asimwone. Mbele zaidi, matoleo ya 26 na 27, hana vazi, ananunua la dukani, la kuigiza. Halimkai. Barakoa inateleza, inabidi aigandishe kwa utando wake mwenyewe, na bado anapigana. Nimeshona sare za shule kwa miaka mingi, najua mtu anavyotembea akiwa ndani ya nguo isiyokuwa yake. Ditko alijua pia. Tazama mabega ya Spider-Man katika kurasa zile.

Utaratibu wa toleo moja kwa usiku una sehemu moja ya hatari, matoleo ya 31 hadi 33. Utatamani kuyameza yote matatu. Jizuie, lakini usiruke usiku hata mmoja hapo katikati. La 32 linamwacha Peter chini ya mto, amelaliwa na mtambo mzito, maji yanavuja kutoka juu, na dawa ya May iko mbele yake kwenye chombo, hatua chache, mkono haufiki. Funga kitabu. Lala nayo.

Usiku wa la 33, osha mikono, zima simu. Kurasa tano za kwanza ni yeye na chuma kile tu. Zisome kwa picha peke yake, mara tatu. Angalia fremu zinavyopanuka kadiri mgongo unavyonyooka: mwanzo ni ndogo, zimembana kama chuma kinavyombana, kisha zinakua, zinakua, hata ukurasa wa tano ukawa picha moja nzima, amekiinua, maji yanamwagika pande zote. Katika kitabu kikubwa ukurasa huo unakujaa machoni. Niliweka mkono juu yake.

Baada ya hapo usitarajie kuagwa. Toleo la 38 ni hadithi ya kawaida, bondia aliyepata nguvu kwa ajali, na ndilo la mwisho la Ditko. Aliondoka, la 39 lilichorwa na John Romita. Hakuna ukurasa wa kwaheri. Kwa hiyo ukilimaliza la 38, usiku uleule rudi mwanzo kabisa, kwenye kurasa 11 za Amazing Fantasy. Sasa unamjua. Angalia picha ya kwanza, wanafunzi wenzake upande mmoja wakimcheka, yeye upande mwingine. Yale maneno mashuhuri kwamba nguvu kubwa huja na wajibu mkubwa, tazama yako wapi: hayamo kinywani mwa Ben, yamo kwenye kisanduku cha msimulizi, fremu ya mwisho, na chini yake Peter anaondoka peke yake gizani, mdogo sana.

Mpwa alipopiga simu nilimwambia habari ya Vulture. Peter alitambua kwamba mzee yule anaruka kwa nguvu ya sumaku, akatengeneza kifaa cha kuivuruga. Toleo la 2, usiku wa tatu.