Kuunda programu ya kupokezana ankara na hati za biashara mtandaoni

Muuzaji wa jumla wa Kampala na mwenye duka wa Arua wakibishana kuhusu ankara, mara nyingi faili yenyewe ilisafiri salama. Kinachokosekana ni ushahidi kwamba wote wawili wanashika hati ile ile, iliyofika mara moja tu, bila kuguswa njiani. Usanifu uanzie hapo; skrini zitafuata.

Kwanza chora kwenye karatasi safari ya hati moja: oda, hati ya kupokelea mzigo, ankara, malipo. Kila hatua ipe jina la hali yake: imetumwa, imefika, imekubaliwa, imekataliwa. "Imefika" na "imekubaliwa" usizichanganye kamwe. Seva kupokea faili hakumaanishi kwamba mhasibu ameridhika na bei, na programu inayochanganya hali hizo mbili humdai mtu mzigo alioukataa.

Kila hati ipewe kitambulisho cha pekee, yaani UUID, kwenye kifaa cha mtumaji kabla haijaondoka. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla jibu halijarudi, kifaa kitatuma tena. Kama seva ndiyo inayotoa kitambulisho, ankara moja inazaa ya pili. Kwenye hifadhidata weka kizuizi cha upekee, yaani kanuni inayokataa kitu kurudiwa, juu ya kitambulisho hicho. Kikija tena, seva irudishe jibu lile la mwanzo bila kuandika kitu kipya. Usitegemee programu kuuliza tu kama hati ipo kabla ya kuiandika: maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yataambiwa haipo.

Faili kubwa igawe vipande vya KB 512. Kwenye laini ya megabiti 1 kwa sekunde, kipande kama hicho huchukua sekunde nne hivi, kwa hiyo mtandao ukianguka hupotea kipande kimoja na si bando zima la mteja. Mtumaji akirudi hewani aulize seva imefikia kipande kipi, kisha aendelee kutoka hapo. Vipande vikiungana, seva ipige hesabu ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayobadilika faili ikiguswa, na kuilinganisha na ile iliyotangulizwa na mtumaji. Zikitofautiana, faili ikataliwe. Usipachike faili ndani ya JSON (muundo wa maandishi wa kubebea data) kwa Base64 (njia ya kugeuza faili kuwa herufi), kwani ukubwa huongezeka kwa thuluthi moja hivi na anayelipia ni mteja. Picha za hati zipunguzwe kwenye simu hadi pikseli 1654 kwa 2339, sawa na A4 ya nukta 200 kwa inchi. Maandishi ya kawaida yatasomeka vizuri.

Mpokeaji arudishe risiti ya kupokea yenye kitambulisho cha hati, SHA-256 yake na saa, ikiwa na sahihi ya kidijitali iliyowekwa kwa ufunguo wake wa siri. Itifaki ya AS2, inayotumiwa na kampuni kupokezana hati, hufanya kazi hiyo hiyo kwa ujumbe uitwao MDN. Mshirika mkubwa akidai AS2 au EDIFACT (muundo wa kimataifa wa hati za biashara), mjengee adapta ya pembeni. Muundo wa ndani ubaki wako.

Sehemu inayoumiza wengi ni pesa. Kwa ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha misimbo ya sarafu, shilingi ya Uganda haina desimali, lakini ya Kenya na dola ya Marekani zina mbili. Ukizidisha kila kiasi kwa 100 kisha upande wa pili usigawanye, ankara ya 350,000 inasomeka 35,000,000. Kiasi kihifadhiwe kama namba kamili pamoja na msimbo wa sarafu, na idadi ya desimali isomwe kutoka kwenye jedwali la sarafu. Anayepokea mizigo ya Mombasa kupitia Malaba hukutana na sarafu zote tatu kwa wiki moja.

Muuzaji aliyesajiliwa kwa VAT lazima ankara yake ipite EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Kwa hiyo mpangilio ni huu: data iende EFRIS, irudi na namba ya hati ya kodi na msimbo wa QR, ndipo mnunuzi atumiwe. Baada ya hapo usiruhusu mtu kuihariri. Kosa hurekebishwa kwa hati ya kupunguza deni. VAT ya 18% ikikokotolewa mstari kwa mstari inaweza kutofautiana kwa shilingi moja au mbili na ile ya jumla. Chagueni kanuni moja ya kukadiria hadi shilingi nzima, muitumie pande zote.

Namba za simu na TIN (namba ya mlipakodi) zihifadhi kama maandishi, la sivyo Excel itakula sifuri ya mbele ya 07. Saa ziwekwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na kuonyeshwa kwa kuongeza saa tatu. Uwanja wa saa uwe wa kuchagua, maana mtu akiandika "saa 2" huenda anamaanisha asubuhi ya 8:00. Taarifa za watu binafsi zinalindwa na sheria ya Uganda ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, basi kusanya zile tu unazozihitaji.

Kabla ya kukabidhi, zima data katikati ya kipande cha tatu, chomoa umeme wa seva wakati wa kuunganisha vipande, bonyeza "tuma" mara mbili haraka, na usogeze saa ya simu mbele siku moja. Kila mara hesabu ankara kwenye hifadhidata: iwe moja.