Macia: mtama mmoja kwa ugali na kwa zizi

Huku Chamwino, Dodoma, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na Februari mvua hiyo inaweza kukatika, mtama ukiwa bado haujatoa masuke. Shamba langu linatakiwa kulisha nyumba na ng'ombe, kwa hiyo napanda Macia, mbegu iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999. Ni fupi na huwahi kukomaa kuliko mtama mrefu wa kienyeji. Ninachoipendea zaidi ni kwamba punje hukomaa majani yakiwa bado mabichi, yakawa malisho ya ng'ombe.

Kabla ya kununua, kwaruza punje kwa ukucha. Ukikuta utando wa kahawia chini ya ganda, mtama huo una tanini: ugali wake huwa mkakasi na kuku hawanufaiki nao vizuri. Macia halisi ni nyeupe hadi ndani. Ndege aina ya kwelea kwelea nao huupenda, kwa hiyo kubalianeni na majirani mpande pamoja na mgawane zamu za kuamia.

Panda udongo ukishalowa vizuri, mstari hadi mstari sentimita 75, shina hadi shina 30, kisha punguzia ibaki miche miwili. Penye kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, usipande Macia. Tafuta mbegu ya Hakika au Wahi, zinazokistahimili.

Kwenye kuvuna ndipo malisho mengi yanapopotea. Chomoa punje chache za chini ya suke. Zikiwa na doa jeusi pale zilipojishikiza, zimekomaa, hata kama majani ni ya kijani. Kata masuke, uyaanike kwenye turubai. Mabua yafuate mara moja: yakate, yasimamishe kwa mafungu yakauke, kisha yapandishe juu ya uchanja. Ukiyaacha shambani, jua na mchwa vitakuachia vijiti, na Septemba nyasi zimeisha.

Nakusihi, usiingize mifugo kwenye mtama mchanga, wala kwenye machipukizi ya baada ya kuvuna au ya baada ya ukame. Yana sumu ya sianidi, na ng'ombe anaweza kufa kabla hujampata mtaalamu. Waeleze na watoto wanaochunga.

Mbegu ya mwakani unaweza kujitunzia, maana mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe. Chagua masuke mazuri ya katikati ya shamba, mbali na mtama wa aina nyingine, uyapurie peke yake.