Namna ya Kusoma Utafiti wa Taaluma Usiyoisomea

Mhasibu akikabidhiwa makala ya akiolojia huisoma kama hesabu za kampuni, akitafuta mahali ambapo jumla haikubaliani. Mwanabiolojia akishika tasnifu ya fasihi hufungua kurasa za katikati kutafuta jedwali la matokeo, na asipolipata huifunga akisema kwamba hawa hawakufanya utafiti, wametoa maoni tu. Kazi yangu ni kuhariri makala za wasomi hapa Nairobi, na katika wiki moja mezani pangu huweza kufika makala kuhusu nyimbo za harusi za Lamu, nyingine kuhusu vimelea vinavyostahimili dawa, ya tatu kuhusu mikopo ya simu na ya nne kuhusu mbegu za mtama. Taaluma nyingi kati ya hizo sikuzisomea. Hata hivyo nimeona kwamba msomaji makini anaweza kuufuata utafiti wa taaluma ya mwenzake, mradi aulize mapema swali moja: ushahidi wa hapa ni kitu gani, na ulipatikanaje? Maelekezo yote yafuatayo yanatokana na swali hilo.

Kwanza, usisome kwa mpangilio ambao makala imepangwa. Makala ya sayansi isome ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, kisha ruka moja kwa moja hadi kwenye michoro na majedwali, uyatazame kabla hujaambiwa yanamaanisha nini, halafu ndipo urudi kwenye sehemu ya mbinu. Sehemu ya mjadala iache mwisho, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapokuvuta upande wake. Makala ya historia au fasihi huenda kinyume: soma utangulizi na hitimisho ili uijue hoja, kisha shuka kwenye tanbihi. Mwanahistoria haandiki sehemu inayoitwa mbinu. Mbinu yake imo chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, ambako anataja jalada, barua, au mzee aliyehojiwa. Anayepuuza tanbihi za mwanahistoria ni sawa na anayepuuza vipimo vya mkemia.

Ili jambo hili lisibaki hewani, chukua swali moja ambalo taaluma nyingi zimelishughulikia, na ambalo huzua ubishi kila linapotajwa kwenye meza ya kahawa: Waswahili wametoka wapi?

Anza na isimu, maana ushahidi wake unao mdomoni. Hesabu moja hadi kumi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa yametoka katika Kiarabu. Sasa mwombe jirani yako Mkikuyu ahesabu, nawe utasikia ithatũ, inya, ithano, inyanya, ikũmi. Akifika tisa atasema kenda, na kenda ndilo neno ambalo Kiswahili nacho kilikuwa kikilitumia kabla tisa haijalisukuma pembeni. Mwanaisimu hatosheki na maneno mawili kufanana, kwa kuwa maneno huazimwa kama sufuria. Hutafuta mfanano wa sauti unaojirudia kwa utaratibu, katika maneno ya msingi ambayo watu hawaazimi kwa urahisi, kama viungo vya mwili na vitenzi vya kila siku, pamoja na sarufi yenyewe, yaani ngeli na viambishi. Kwa njia hiyo Kiswahili kimewekwa katika kundi la lugha za Kibantu linaloitwa Sabaki, pamoja na lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro. Huo ni ushahidi imara sana kuhusu lugha. Kuhusu nani alimzaa nani hausemi kitu, wala haujapata kudai kwamba unasema, ingawa wabishi wengi huutumia hivyo.

Akiolojia huuliza swali lilelile kwa vigae, yaani vipande vya vyungu. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulifunua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pamoja, ya awali kabisa ikiwa midogo, ya miti, ya karne ya 8, na ya baadaye ikiwa ya mawe ya matumbawe. Katika matabaka hayo vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa Afrika Mashariki ndivyo vilivyo vingi, navyo vinafanana na vile vya bara, ilhali vyombo kutoka ng'ambo ni sehemu ndogo. Unaposoma kazi ya namna hii, tazama kitu gani kilikutwa na kitu gani, na katika tabaka lipi. Kigae kilichookotwa juu ya ardhi hakina uzito wa kigae kilichokutwa chini ya sakafu ambayo haikuvurugwa.

Hapo utakutana pia na tarehe zilizopimwa kwa kaboni 14, nazo huwatatiza wengi. Kaboni hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, na kiasi kilichosalia katika mkaa au mfupa hueleza umri wake. Tarehe ikiandikwa na alama ya kuongeza na kutoa, tuseme 1200 na pembeni 30, usiisome kama mwaka wa 1200. Maana ya kawaida ya namba hiyo ya pili ni kwamba kuna uwezekano wa takriban asilimia 68 kuwa umri wa kweli unaangukia ndani ya miaka 30 huku au huku. Mwandishi anayenakili namba ya kwanza na kuiacha ya pili amekwisha kupotosha, hata kama hakukusudia.

Mwanahistoria naye ana Tarehe ya Kilwa, yaani simulizi ya kale ya mji huo na watawala wake, ambayo imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu, na muhtasari uliochapishwa na Mreno João de Barros mwaka wa 1552. Nakala ya Kiarabu inasimulia juu ya mtu wa Shirazi, mji wa Uajemi, na wanawe sita waliosafiri kwa majahazi saba. Msomaji wa sayansi huuliza papo hapo, je, ni kweli? Mwanahistoria huanza mbali zaidi: nani aliandika, kwa ajili ya nani, miaka mingapi baada ya tukio, na nani angefaidika kwa kuaminiwa? Simulizi iliyoandikwa katika zama za masultani, karne nyingi baada ya safari inayosimuliwa, ni ushahidi mzuri kuhusu namna watawala hao walivyotaka nasaba yao ijulikane. Kama ushahidi wa safari yenyewe, inahitaji kuungwa mkono na kitu kingine.

Kitu hicho kingine, kwa kiasi fulani, kilikuja mwaka wa 2023, pale jarida la Nature lilipochapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka wa 1250 na 1800, pamoja na mji mmoja wa bara baada ya 1650. Huu ndio mfano ninaoupenda kuwapa wahariri wapya, kwa sababu nilisoma vichwa vya habari viwili vilivyopingana, vyote vikidai kuripoti uchunguzi huo. Kimoja kilisema kwamba asili ya Kiajemi imethibitishwa. Kingine kilisema kwamba imethibitika Waswahili ni Waafrika. Makala yenyewe ilisema yote mawili kwa pamoja, na ilieleza kwa nini. Vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake vilikuwa karibu vyote vya Kiafrika, na vile vinavyopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume vilionyesha kwa wingi asili ya Uajemi, huku kuchanganyika huko kukianza kufikia mwaka wa 1000 hivi. Ukiwa na habari hiyo, rudi kwa mwanaisimu: mtoto aliyelelewa na mama na bibi wanaosema Kibantu ataongea Kibantu, jahazi la babake litoke litokako. Kwa maoni yangu hakuna mahali ambapo taaluma mbili zimepeana mkono vizuri zaidi ya hapo.

Lakini usifunge makala kabla ya kuuliza ni nani waliopimwa. Mifupa hiyo ilitoka kwenye makaburi ya miji, mengi karibu na misikiti, mahali ambapo watu wenye hadhi ndio hasa waliozikwa. Mvuvi, mkulima wa mashamba ya nje ya mji na mtumwa huenda hawamo. Watafiti wenyewe waliligusia jambo hili, ila msomaji mwenye haraka hulivuka. Katika kila utafiti, uwe wa vinasaba, wa hojaji au wa mashairi, tafuta waliobaki nje ya sampuli. Mara nyingi nimekuta hapo ndipo palipo na habari kuliko kwenye jedwali.

Ukitaka kuzoea ushahidi wa nyaraka, huna haja ya kusafiri. Nairobi nzima hupeana miadi mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa katika Barabara ya Moi, jengo ambalo zamani lilikuwa benki, na wengi wanaongoja hapo nje hawajawahi kuingia. Ingia, jisajili kama msomaji, kisha agiza jalada la enzi za ukoloni kuhusu wilaya yenu. Mara yangu ya kwanza niliagiza majalada mengi kwa pupa na sikumaliza hata moja. Katika lile la kwanza mlikuwa na barua ya afisa mmoja aliyemwarifu mkubwa wake kwamba wenyeji wanalipa kodi ya nyumba bila manung'uniko. Nikainakili kwa furaha. Kurasa chache mbele, kwa mwandiko uleule, alikuwa anaomba askari wa nyongeza kwa ajili ya ukusanyaji wa kodi hiyohiyo. Tangu siku hiyo sinakili barua kabla ya kusoma jalada lote, na nakushauri ufanye vivyo hivyo, hata kama karani anatazama saa.

Tofauti za ushahidi hazipo tu kati ya sanaa na sayansi. Zimo hata ndani ya somo moja. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, kilichoasisiwa na Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, kinajulikana kwa mbinu ya kupanda mmea uitwao desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za nepia pembezoni, ili harufu ya desmodiamu iwafukuze nondo wa funza wanaotoboa mabua na nepia iwavute nje ya shamba. Desmodiamu hiyohiyo hulizuia gugu la striga. Mkemia atakuonyesha harufu gani nondo anaikimbia, naye ushahidi wake ni wa maabara. Bwana shamba atalinganisha vipande viwili vya shamba, kimoja chenye desmodiamu na kingine bila, na kupima magunia. Mwanauchumi atawahoji wakulima ili ajue kwa nini jirani aliyeona mavuno hayo hakuiga. Usimkatae wa tatu kwa kuwa hana vipimo vya wa kwanza, wala usidhani kwamba kilichofaulu maabara kimekwisha kufaulu shambani.

Kuhusu uaminifu wa machapisho nitasema machache. Makala nzuri huwa imepitiwa na wanataaluma wenza kabla ya kuchapishwa, kazi ambayo kwa kawaida huchukua miezi. Niliwahi kutumia siku mbili nikihariri hoja iliyosimama juu ya makala moja tu, halafu nikagundua kwamba jarida lililoichapisha huahidi majibu ndani ya siku tatu baada ya malipo, na kwamba wahariri wake hawapatikani popote isipokuwa kwenye tovuti yao. Malipo peke yake si kosa, maana majarida mengi ya heshima yaliyo wazi kwa wasomaji wote huwatoza waandishi. Mashaka yaanze pale malipo yanapoambatana na haraka. Kwa utafiti uliofanyika Kenya na watu, hasa wa afya au jamii, angalia pia kama mwandishi anataja kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na cha kamati ya maadili; kutokutajwa kwake hakuharibu matokeo, ila kunakupa sababu ya kuuliza.

Ukikuta makala imefungwa kwa malipo, usikate tamaa mapema. Tasnifu nyingi za Chuo Kikuu cha Nairobi zimewekwa wazi katika hazina yake ya mtandaoni, na tasnifu mara nyingi ina maelezo ya mbinu yaliyo marefu kuliko makala iliyotokana nayo. Njia nyingine ni kumwandikia mwandishi barua pepe fupi yenye adabu, ukitaja makala unayoitaka na sababu yako kwa sentensi moja. Wengi hutuma nakala wakifurahi kwamba kuna mtu anawasoma.

Mwisho, tafuta daftari la kawaida la mistari na uligawe ukurasa katika safu nne: swali la mtafiti, ushahidi alioutumia, kiasi chake, na wasiokuwamo. Kwa makala ile ya mwaka wa 2023, ukurasa wangu unasomeka hivi: asili ya watu wa miji ya pwani, vinasaba vya mifupa, watu 80, wasiozikwa karibu na msikiti. Kwa shairi au riwaya, safu ya tatu huandika idadi ya matini zilizosomwa, na ya nne huandika watunzi walioachwa. Ukimaliza kusoma na safu ya nne bado ni tupu, rudi kwenye sehemu ya mbinu, au kwenye tanbihi, usome tena.