DWG, DXF au PDF? Namna ya kuchagua faili la mchoro kabla ya kulituma

Somo hili ni la wanaochora kwa AutoCAD au programu jamaa zake, ambao wakifika kwenye dirisha la kuhifadhi hukuta orodha ndefu ya aina za faili wakabaki wanabahatisha. Jiulize kwanza: huyu ninayempelekea mchoro ataufanyia nini? Atauhariri, ataukata kwa mashine, au atautazama tu?

Hatua ya 1: DWG ibaki kuwa faili mama

DWG ndilo faili asilia la AutoCAD. Humo mna leya (matabaka ya mchoro), bloku (maumbo yaliyofungwa pamoja ili yatumike tena), mitindo ya vipimo na kurasa za kuchapia. Mafaili mengine yote yatolewe humo. Mchoro ukibadilika, badilisha DWG kisha toa nakala upya. Ukianza kurekebisha nakala, baada ya muda hutajua ipi ndiyo ya kweli.

Hatua ya 2: Angalia toleo

DWG ya mwaka 2018 haifunguki kwenye AutoCAD 2015. Kabla ya kutuma, uliza mwenzako anatumia toleo gani, kisha uhifadhi kwa toleo ambalo programu yake inalifungua. Ukipokea faili usilolijua, lifungue kwa Notepad usome herufi na tarakimu sita za mwanzo: AC1015 ni la 2000, AC1024 la 2010, AC1027 la 2013, AC1032 la 2018. Yanayofuata hayasomeki, na huyahitaji. Lifunge bila kuhifadhi.

Hatua ya 3: DXF kwa mashine na programu nyingine

DXF ilikuja na toleo la kwanza la AutoCAD, mwaka 1982, kwa kazi ya kubadilishana michoro kati ya programu. Kwa kawaida ni maandishi matupu, ndiyo maana programu nyingi huisoma, na ndiyo maana faili huwa kubwa.

Mashine nyingi za kukata kwa leza huelewana vizuri na DXF ya R12 (toleo la 12 la AutoCAD), kwa kuwa ni ya zamani na nyepesi. Lakini R12 haina splaini, yaani mkunjo laini usio duara. Mkunjo wako laini utageuzwa kuwa vipande vifupi vya mistari, na vikiwa virefu mno ukingo wa chuma utatoka na pembe pembe. Kama mashine inakubali toleo la 2000 au jipya zaidi, mimi huchagua hilo. Kabla ya kutoa faili, ondoa vipimo, maandishi na fremu ya karatasi: mashine haijui kwamba mstari wa kipimo si wa kukatwa.

Hatua ya 4: PDF kwa macho

Mteja wa kuidhinisha na mtu wa kuchapisha wanahitaji PDF, basi.

Kwa umbo la pande tatu kuna aina nyingine mbili za faili: STEP hubeba umbo kamili. STL hubeba pembetatu tu, nayo hutumika zaidi kwenye uchapaji wa 3D.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nimetuma DXF ya R12, mduara wa milimita 100 ukasomeka 2540. Kwa nini?*

Programu ya mashine imedhani ni inchi, ikazidisha kwa 25.4. Fungua DXF hiyo kwa Notepad utafute CIRCLE: chini yake utakuta msimbo 40, kisha 50.0, yaani nusukipenyo. Hamsini ya nini? Hapasemi. R12 haibebi kipimo cha uniti, kwa hiyo mwendesha mashine achague milimita anapoingiza faili, nawe mtajie kipimo kimoja cha kuhakiki.

*DWG imefika kwa mwenzangu bila picha wala ramani ya msingi. Nimekosea wapi?*

Picha na michoro ya rejea, kama hiyo ramani ya msingi, hazikai ndani ya DWG. Inatunza njia ya kuzifikia tu. Tumia amri ya ETRANSMIT, itafungasha vyote pamoja.

*Nina PDF tu, DWG imepotea. Naweza kuirudisha?*

Pole sana, ndugu. Tangu toleo la 2017 AutoCAD ina amri ya PDFIMPORT. Kama PDF ilitolewa moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea, utapata mistari yako. Kama ni ya skana, utapata picha tu. Vipimo vitarudi vikiwa mistari na maandishi ya kawaida, kwa hiyo chagua ukuta mmoja unaoujua urefu wake, rekebisha skeli kwa huo, halafu pima mwingine kuthibitisha.