Umeshindwa Mahakama ya Mwanzo? Hivi ndivyo unavyokata rufaa

Mama mmoja alinijia ofisini na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi. Alimdai jirani yake shilingi 2,400,000, Mahakama ya Mwanzo ikasema hakuthibitisha deni. Nilipoisoma hukumu niliona kasoro: shahidi wake wa pili, aliyekuwepo fedha zikihesabiwa mezani, hakutajwa popote. Nikamuuliza hukumu ilisomwa lini. Siku 41 zilikuwa zimepita. Muda wote huo alikuwa anasubiri nakala ya hukumu.

Naandika haya ili mwingine asikwame pale alipokwama yeye. Nazungumzia Tanzania Bara, kesi za madai zilizoanzia Mahakama ya Mwanzo. Migogoro ya ardhi ya kwenye mabaraza ina njia yake na siku zake.

Elewa kwanza kwamba mahakama ya rufaa haisikilizi kesi upya. Hakimu anafungua jalada, anasoma mwenendo, yaani yale yote yaliyoandikwa wakati mashahidi wanazungumza, kisha anajiuliza kama mwenzake alifuata sheria na kupima ushahidi sawasawa. Shahidi uliyemwacha nyumbani siku ile huwezi kumleta sasa kwa sababu tu umemkumbuka. Mahakama ya Wilaya inaweza kuruhusu ushahidi wa nyongeza, lakini lazima iandike sababu, na si jambo la kulitegemea.

Hatua ya 1: Hesabu siku, leo hii

Una siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Hukumu ikisomwa tarehe 3 Machi, mwisho wako ni tarehe 2 Aprili. Andika tarehe hiyo ukutani.

Omba nakala ya hukumu na mwenendo siku ileile, kwa barua, nawe ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri. Lakini usikae ukiingojea. Kwa rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo, sheria hailazimishi kuambatisha nakala ya hukumu, kwa hiyo kusubiri nakala ni kisingizio dhaifu. Karani akikwambia "njoo wiki ijayo", nenda, huku ukiendelea kuandaa hati yako.

Hatua ya 2: Andika sababu za rufaa

Hapa ndipo rufaa inapofia au kupona. Watu wengi huandika: "Hakimu hakunitendea haki." Hiyo ni huzuni, si sababu. Sababu inaonyesha kosa liko wapi. Kwa yule mama niliandika hivi (SM2 ni shahidi wa pili wa upande wa mdai):

"Kwamba Mahakama ya Mwanzo ilikosea kwa kutozingatia kabisa ushahidi wa SM2, aliyeeleza kuwa alishuhudia fedha zikikabidhiwa."

Hakimu akisoma hapo anajua afungue ukurasa gani. Sababu 3 zenye meno zinatosha. Ukiandika 12, ile nzuri inazama katikati ya nyingine. Malizia kwa kueleza unachotaka: hukumu itenguliwe, ibadilishwe, au shauri lisikilizwe upya.

Hatua ya 3: Fungua rufaa Mahakama ya Wilaya

Wewe sasa ni mrufani, mwenzako ni mjibu rufaa. Sajili hati, lipa ada, tunza risiti, hakikisha mwenzako amepata wito.

Kufungua rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Dalali wa mahakama anaweza kuja kukamata mali huku rufaa yako ikiwa masijala. Kama umeamriwa kulipa, omba pia utekelezaji usimamishwe.

Ukichelewa

Peleka kwanza maombi ya kuongezewa muda, pamoja na kiapo kinachoeleza kila siku uliyochelewa. Kila siku, kweli. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali haikufikishi mbali. Kwa yule mama, miezi ya mwanzo tulibishana kuhusu siku 11 tu. Deni lenyewe halikuguswa.

Ukishindwa tena

Una siku nyingine 30 za kwenda Mahakama Kuu. Wengi wanakosea hapa: hati hiyo unaipeleka Mahakama ya Wilaya ileile iliyotoa uamuzi, nayo ndiyo inayoituma juu pamoja na jalada. Ukijua hilo huwezi kuzungushwa. Jua pia kwamba mahakama mbili zikikubaliana kuhusu nini kilitokea, ya tatu huwa haiingilii ila kwa kosa la wazi.

Juu kabisa ni Mahakama ya Rufani, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahakama yake ya rufani kutoweka nayo. Kwa kawaida husikiliza majaji 3, na wanachoamua kinazifunga mahakama zote za chini. Ndiyo maana naipenda kazi hii: kosa likisahihishwa pale, hakimu wa wilaya yoyote analazimika kufuata. Kesi yako iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo haifiki huko mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Kama hoja yako ni kwamba shahidi fulani alidanganya, hautapata uthibitisho huo. Soma maamuzi yao TanzLII, tovuti ya maamuzi ya mahakama za Tanzania, ni bure, kabla hujatumia nauli.